Moto Ukiwa Karibu, Nani Atambeba Bibi?

Anayeishi Newala au Masasi hahitaji kalenda ili ajue kwamba kiangazi kimeshika. Mvua hukatika mwezi wa Mei, nyasi huanza kupauka, na ikifika Julai moshi unaonekana kila upande, mara kwenye bonde la Ruvuma, mara chini kuelekea Masasi. Usiku tunakaa uwanjani tukitazama mistari myekundu ya moto kwa mbali, na watoto huifurahia kama taa za mjini. Tumezoea. Na kwa kuwa tumezoea, siku moto unapogeuka na kuja kwetu hatuna hata jambo moja tulilokubaliana.

Mwaka mmoja, mwezi wa Septemba, tuliletewa bibi mmoja kwa baiskeli kutoka kitongoji kilicho ukingoni mwa Uwanda wa Makonde. Moto ulikuwa umepanda kutoka bondeni. Vijana walikata matawi mabichi wakaenda kuupiga, akina mama wakaenda kuokoa mikorosho yao. Mkwe wake alimtoa bibi ndani, akamkalisha chini ya mwembe mahali salama kabisa, kisha naye akakimbilia shambani. Bibi alipoona cheche zinaangukia paa la nyasi alikumbuka sanduku lake. Ndani yake mlikuwa na doti mbili za khanga mpya alizoziweka kwa ajili ya maziko yake. Alirudi kuzichukua. Alizitoa, maana zilifika wodini zikiwa nzima, zinanuka moshi tu. Yeye mwenyewe tulikaa naye siku tisa, na khanga zikafanya kazi ile aliyozinunulia.

Hatusemi haya ili kumlaumu mkwe. Alikuwa mama mwenye bidii, na alikesha naye siku zote tisa. Siku ile nyumba yao ilikuwa na watu wazima watano wenye afya. Kilichokosekana ni mtu mmoja aliyeambiwa tangu mapema: wewe, moto ukija, kazi yako ni bibi, usiende kupiga moto, usiende shambani, usimwache mpaka yaishe. Ndiyo sababu tumeamua kuandika ukurasa huu.

MOTO WETU UNA TABIA ZAKE

Mara nyingi moto haujiwashi. Huku kwetu huwashwa na watu wanaotafuta panya na ndezi, watu wanaosafisha mashamba, warina asali, wachoma mkaa, na wakati mwingine mtoto aliyetumwa kuchoma takataka saa saba mchana. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 hairuhusu mtu kuchoma mapori ovyo bila kibali, na vijiji vingi vina sheria ndogo zao. Lakini akina mama, tuseme kweli: huyo panya tunamla wote, tena tunamsifia mwindaji. Tukianza kumwuliza kijana amempataje kabla ya kumkaanga, huenda tukapunguza mioto mingi kuliko mikutano ya hadhara.

Moto wa Mei na Juni, wakati nyasi bado zina unyevu kidogo, huenda polepole na kuacha viraka visivyoungua. Ndiyo maana baadhi ya vijiji vyenye misitu ya jamii, kama vile kule Kilwa, huchoma mapema kwa mpango maalumu, ili moto wa baadaye usikute chakula. Moto wa Septemba na Oktoba ni mwingine kabisa. Kila kitu kimekauka, upepo una nguvu, na saa zilizo mbaya ni kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi. Tusidhani ni mapori yetu tu yanayoungua majira hayo. Moto mkubwa uliokaa zaidi ya wiki moja katika Mlima Kilimanjaro ulikuwa Oktoba ya mwaka 2020, na huko kulikuwa na askari wa hifadhi, wanafunzi na mamia ya watu wa kujitolea.

Jambo ambalo sisi wa Newala tunapaswa kulielewa kuliko wengine ni mteremko. Aliyewahi kusimama Shimo la Mungu akatazama chini anajua jinsi ardhi inavyokatika pale. Moto ulio chini ya mteremko huegemea juu, ukazikausha nyasi za mbele kabla haujazifikia, na kwa hiyo hukimbia mlimani kwa kasi ambayo mtu hawezi kushindana nayo. Wazima moto hufundishwa kwamba mteremko ukiongezeka kwa nyuzi 10 hivi, mwendo wa moto huongezeka karibu mara mbili. Nyumba iliyo ukingoni juu, yenye upepo mzuri na mandhari ya kupendeza, ndiyo inayofikiwa kwanza. Moshi ukionekana chini bondeni, wenyeji wa ukingoni wasiseme uko mbali.

Kwa wenzetu wa Masasi kishawishi ni vile vilima vya mawe. Mtu akiona moto tambarare hufikiri akipanda juu ya jiwe atasalimika. Mawe yenyewe hayaungui, lakini kabla hujayafikia unapita kwenye vichaka na nyasi za ubavuni, na hapo ndipo moto utakapokukuta ukihema.

FAGIO NA JEMBE

Maji yetu tunayajua. Uwandani maji ni ya kununua, ya kusubiri bomba, au ya kuvunwa kwenye paa na kutunzwa kisimani. Hakuna nyumba itakayozima moto wa nyika kwa ndoo, na anayedhani atauzima atajikuta hana hata maji ya kumwagia mtoto aliyeungua. Tulicho nacho ni mchanga na fagio. Uwanja uliofagiliwa mpaka udongo mtupu, hatua 15 kila upande wa nyumba, ni kinga iliyo bora kuliko pipa la maji. Moto wa nyasi ukikosa nyasi hufa. Bibi zetu walifagia hivyo kila asubuhi, na wengine tulidhani ni usafi tu.

Lakini fagio peke yake halitoshi kama kuni zimeegemezwa ukutani, mabua yamelundikwa nyuma ya jiko, na nyasi za kuezekea zimewekwa chini ya baraza zikisubiri fundi. Cheche hupaa mbele ya moto na kutafuta vitu kama hivyo. Sogezeni kuni mbali. Mwenye paa la nyasi aweke ngazi na fimbo ndefu yenye kitambaa kizito mwishoni, na kijana mmoja apangiwe kulilinda paa cheche zinapoanza, maadamu nyasi za karibu bado hazijashika. Paa likishashika hakuna kuokoa kitu.

Mikorosho nayo. Kila mwaka tunapalilia chini ya miti ili tuokote korosho bila kuzitafuta majanini. Palizi hiyo hiyo ndiyo inayouzuia moto usipande kwenye matawi ya chini. Ila tunapoikawiza mpaka korosho zianze kuanguka, mwezi mbaya wa moto unatukuta na majani makavu yakiwa yamejaa chini ya kila mti. Na majani tuliyoyakusanya tusiyachome mchana. Tuyafukie.

Sasa tuzungumzie jambo ambalo wauguzi tunalihofia na ambalo halisemwi mara kwa mara. Salfa tunayopuliza dhidi ya ubwiri unga huwaka. Ni kiberiti, ndiyo hali yake. Mfuko wa salfa ukishika moto ndani ya nyumba hutoa hewa kali inayokaba koo na kuchoma mapafu, na mtu mwenye pumu au mtoto mchanga hawezi kuivumilia hata kwa dakika chache. Hata hivyo tunakuta mifuko imepangwa chumbani wanakolala watoto, na kando yake dumu la petroli ya mashine ya kupulizia. Tunaelewa kwamba watu wanaogopa wezi. Basi jengeni kibanda chenye kufuli, mbali na nyumba, palipofyekwa. Salfa ikiwaka msiikaribie kuizima. Ondokeni upande upepo unakotoka, wala si unakokwenda.

KIKAO CHA NUSU SAA

Katika kikundi chetu cha akina mama kanisani tulikubaliana kila nyumba ifanye kikao kabla ya Julai kwisha. Nusu saa yatosha, baada ya chakula, baba akiwepo. Maswali ni machache. Nani atambeba bibi? Nani atawachukua watoto, na atawashika vipi kama ni watatu? Nani atamsindikiza mjamzito, au mzazi ambaye hata arobaini hajafikisha? Na tutakutana wapi?

Mahali pa kukutania pawe peupe: uwanja wa mpira, uwanja wa shule, barabara pana, shamba lililolimwa likabaki udongo. Tena kila mtu awe amepita njia ya kwenda huko kwa miguu, mchana na usiku. Mwezi wa Julai mwaka 2018, moto ulishuka upesi kwenye mji wa Mati nchini Ugiriki, ulio kando ya bahari, na watu zaidi ya 100 walikufa. Watu 26 kati yao walikutwa pamoja kwenye kiwanja kimoja karibu na jabali, baharini hawakufika. Watu wenye magari na barabara za lami! Kujua kwamba bahari iko karibu si sawa na kujua njia ya kuifikia.

Halafu kuna swali la lini tuondoke, na hili ndilo lililotuletea ubishi mwingi kikundini. Wengine walisema tusubiri tuuone moto. Wengine wakasema mwenyekiti wa kitongoji ndiye aamue. Tulifikia hivi: majivu yakianza kuanguka uwanjani, bibi, babu, wagonjwa, wajawazito na watoto wanaondoka. Hawasubiri kuona ndimi za moto wala hawasubiri ruhusa ya baba aliyeko shambani. Kama moto utageuka njia, watarudi jioni na kuchekwa kidogo, basi. Tumeona nyumba ambamo mama aliogopa kuchekwa.

Kuhusu ishara, kila kijiji kina chake. Palipo na kengele ya kanisa, au ile rimu ya gari inayoning'inia mwembeni, mkubaliane mlio wa moto usifanane na mlio wa ibada. Simu ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, nayo ipigwe mapema, ingawa sote tunajua gari lao haliwezi kufika kila kitongoji kwa wakati. Mbuzi na kuku wafunguliwe, wasifungwe. Wanafunzi wa shule ya msingi wasipelekwe kupiga moto, hata kama mwalimu ana nia njema na hata kama sisi tulipelekwa enzi zetu.

Na vitu je? Sote tunamjua mke wa Lutu. Fungeni mfuko mmoja sasa hivi, mwezi huu, wenye kadi za kliniki, vyeti, dawa za anayetumia dawa kila siku, fedha kidogo, chupa ya maji na tochi. Bibi aulizwe kwa heshima ni kitu gani chake kisichopaswa kubaki, nacho kiwekwe humo. Tungemwuliza yule bibi wetu, doti mbili za khanga zisingejaza hata robo ya mfuko.

UKIKUTWA NJIANI

Mara nyingi anayekutwa ni mama au binti aliyeshuka mteremkoni kuchota maji au kutafuta kuni. Akiona moshi chini yake asikimbie kupanda mbele ya moto. Atue ndoo, akate kwa ubavu, aende pembeni mpaka atoke kwenye njia ya moto, akitafuta mahali pasipo na nyasi au palipokwisha kuungua. Ardhi nyeusi iliyoungua na kupoa ni rafiki yake. Akikosa kabisa njia, alale kifudifudi kwenye shimo au mfereji wa udongo mtupu, miguu ielekee moto unakotoka, uso uwe chini kabisa na mikono iufunike, na ajifukie kwa mchanga kadiri awezavyo. Moto wa nyasi hupita upesi. Wanaopona ni wale wanaobaki chini mpaka upite.

Nguo ina maana kubwa. Khanga na kitenge cha pamba huungua, lakini nailoni huyeyuka na kuganda kwenye ngozi, na kazi ya kuibandua tunaijua sisi. Ndala vilevile. Yale mablanketi laini yenye picha ya simba mengi si ya sufu, msijifunike nayo.

Anayekutwa nyumbani, njia zote zikiwa zimefungwa, aingie kwenye nyumba ya udongo au tofali yenye bati, afunge milango na madirisha, azibe nyufa kwa matambara, akae upande ulio mbali na moto na awe tayari kutoka nje kule kulikokwisha kuungua mara moto unapopita. Asiingie kwenye nyumba ya nyasi. Na tafadhali, mtoto asiteremshwe kwenye kisima cha maji ya mvua ili ajifiche. Huko chini moshi hutuama na hewa huwa mbaya, na akizimia hakuna wa kumwona.

VIJANA WA JANDONI

Jando huku huchezwa kiangazi, majira yale yale ya moto. Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia mwaka 1926, alisifika kwa kulipa jando sura ya Kikristo badala ya kulipiga marufuku, na mpaka leo familia nyingi za kanisani hupeleka watoto. Kumbi la nyasi, pembeni mwa pori, lenye wavulana ambao vidonda vyao havijapona na hawawezi kukimbia: muuguzi gani atalala usingizi? Akina mama hatuingii kule wala hatutaki kuingia. Lakini baba na mjomba wanaweza kuulizwa kabla mtoto hajaondoka: pamefyekwa hatua ngapi kuzunguka kumbi, na ni nani anayelala macho usiku?

ALIYEUNGUA

Mtu akiungua, jambo la kwanza ni maji safi ya baridi ya kawaida, yasiyo ya barafu, yamwagike polepole juu ya jeraha kwa dakika 20. Mkisema maji ni machache, wekeni beseni chini myakinge na kuyamwagia tena. Hata kama saa mbili zimepita tangu aungue, bado yanasaidia. Mtoto mdogo afunikwe sehemu nyingine za mwili ili asipate baridi. Vueni pete, bangili na shanga za kiunoni mapema kabla hajavimba. Nguo iliyoganda isivutwe.

Kisha funikeni kwa kitambaa safi, khanga iliyofuliwa na kupigwa pasi inafaa, mkamlete. Tumepokea watu waliopakwa dawa ya meno, mayai, mafuta ya taa, unga, majivu, na mmoja grisi ya gari. Vyote inabidi tuvioshe, na kuosha kule ndiko kunakompa mgonjwa kilio kuliko moto wenyewe.

Kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole vyake ni kama sehemu moja ya mia ya ngozi yake. Mtoto aliyeungua viganja 10, au mtu mzima viganja 15, anahitaji maji ya mshipa hospitalini. Jeraha la usoni, mikononi, nyayoni, kwenye maungio au sehemu za siri liletwe hata likiwa dogo, na kila mmoja aulizwe kuhusu sindano ya pepopunda. Ila anayetutisha zaidi ni yule asiye na jeraha lolote, anayeketi kwenye benchi akisema hajambo huku sauti imekwaruza, nyusi zimebabuka na puani mna masizi. Huyo amevuta moto ndani. Koo linaweza kuvimba na kuziba baada ya saa chache. Apelekwe hospitali kabla ya wote.

Moto ukishapita, watoto hupenda kuingia kwenye mapori yaliyoungua kutafuta panya waliobabuka. Juu kunaonekana jivu baridi, lakini chini mizizi ya miti inaendelea kuwaka siku mbili, tatu, hata zaidi, na kuacha mashimo yaliyojaa kaa. Mtoto asiye na viatu hutumbukia mpaka kwenye kifundo cha mguu. Kila kiangazi tunawafunga bandeji wawili watatu wa namna hiyo, wote wamekuja siku ambayo mama zao walikuwa wameshamshukuru Mungu na kurudi shambani.